Chopin, mtu asiyemaliza kusahihisha

Frédéric Chopin alizaliwa Poland mwaka 1810, akahamia Paris 1831, akafia huko 1849 akiwa na miaka 39 tu. Kazi zake zilichapwa Ufaransa, Ujerumani na Uingereza karibu kwa wakati mmoja. Hakimiliki ya nchi moja haikuvuka mpaka. Ukichelewa upande mmoja, maharamia wanakuwahi. Basi miswada ikanakiliwa, mingi na rafiki yake Julian Fontana, ikatumwa huku na kule. Shida ni kwamba jamaa hakutulia. Alibadilisha noti kwenye karatasi za majaribio Paris wakati nakala ya Leipzig imeshaondoka. Hata vitabu vya wanafunzi wake alivichorachora kwa penseli. Sasa ipi ndiyo yenyewe? Kwangu mimi zote, ingawa mpigaji lazima achague moja.

Kabla ya kufa aliomba kazi ambazo hazijachapwa zichomwe. Fontana, kwa ridhaa ya familia, akazichapa mwaka 1855, ikiwemo Fantaisie-Impromptu. Mwaka 1960 mpiga piano Arthur Rubinstein akaukuta mswada wa 1835, mwandiko wa Chopin mwenyewe. Haukulingana na chapa ya Fontana, na dunia ilikuwa imeshaipiga hiyo miaka mia na ushee.