James Horsburgh: Baharia Aliyekusanya Ramani Baada ya Kunusurika na Mwamba

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, sisi watu wa visiwani bahari ndiyo njia yetu na ndiyo riziki yetu. Leo tumeona tuwasimulie maisha ya baharia mmoja wa Scotland, James Horsburgh. Hakuwa Muislamu, lakini elimu yenye manufaa huchukuliwa popote inapopatikana, na katika maisha yake mna funzo kwa kila anayepokea habari na kuzipeleka kwa wengine.

Alizaliwa mwaka 1762 katika kijiji cha Elie, kwa watu wa hali ya chini. Alipofika miaka 16 aliingia baharini katika vyombo vya kubeba makaa ya mawe. Alipata kutekwa na Wafaransa na kufungwa, kisha akafika India, akawa anafanya kazi katika meli za biashara za bahari hizo.

Mwezi wa Mei 1786, sawa na mwaka 1200 Hijria, alikuwa msaidizi mkuu wa nahodha katika meli iitwayo Atlas, ikitoka Batavia, ambayo leo ni Jakarta, kwenda Ceylon. Meli ilifuata ramani iliyokuwemo chomboni, na ramani ile ilikuwa na makosa. Ikapanda mwamba wa kisiwa cha Diego Garcia, ikavunjika. Horsburgh alinusurika.

Angeweza kumlaumu mchoraji wa ramani, akatafuta meli nyengine na kuendelea na maisha yake. Yeye aliazimia kukusanya kila habari ya pwani, mafungu na miamba ya bahari hizo, ili mwengine asiangamie kwa kosa lile lile. Alirudi Bombay, akaingia katika meli zinazokwenda China. Wakati wa mapumziko alijifundisha mwenyewe kuchora, hisabati ya nyota na kupima masafa kwa kuangalia mwezi. Kila anapopita alipima kina cha maji na kuandika pepo na mikondo.

Kutokana na kazi hiyo alichora ramani tatu: ya mlango wa bahari wa Makassar, ya upande wa magharibi wa Ufilipino, na ya njia ya kutoka mlango wa Dampier kuelekea Batavia. Zilichapishwa chini ya usimamizi wa Alexander Dalrymple, mkusanyaji mkubwa wa ramani wa zama zile. Baadae, kuanzia Aprili 1802 hadi Februari 1804, aliangalia barometa kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Akagundua kuwa katika bahari za joto kipimo hicho hupanda na kushuka mara mbili kila siku.

Alirudi Uingereza mwaka 1805. Kitabu chake cha kuongozea mabaharia, kilichotoka baina ya 1809 na 1811, kilijengwa juu ya batli za meli zilizohifadhiwa London pamoja na aliyoyaona mwenyewe kwa miaka 21. Mwaka 1810 Kampuni ya India ya Mashariki ilimfanya msimamizi wa ramani zake. Kampuni hiyo iliwatawala watu wa India kwa mabavu, wala hatuitetei. Lakini mwamba haumchagui mwenye meli, na ramani sahihi humfaa kila abiria.

Aliendelea kusahihisha na kuongeza mpaka alipofariki Mei 1836. Wafanyabiashara wa Canton walianza kuchanga fedha za kumjengea ukumbusho, na katika mwaka 1851 ukawashwa mnara wa taa wenye jina lake juu ya mwamba wa Pedra Branca, ambao Wamalay huuita Batu Puteh, kwenye lango la mashariki la mlango wa bahari wa Singapore.

Ndugu zetu, tuzingatie. Aliyechora ramani ya Atlas huenda hakukusudia ubaya. Alipokea habari, hakuihakikisha, akaipitisha. Maulamaa wetu wa hadithi walisafiri miezi kwa ajili ya riwaya moja, wakilinganisha mapokezi na kuchunguza wapokezi, kwa sababu walijua kuwa watu watazifuata njia wanazoelekezwa. Na Qur'ani inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Leo mtu hupeleka kwenye simu habari za dawa, za maiti, za talaka na za heshima za watu, bila ya kuuliza zimetoka wapi. Hiyo ni ramani anayompa mwenzake asafirie.

Na aliyewahi kukosea asikate tamaa. Asahihishe, na awafikishie masahihisho wale wale aliowafikishia kosa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kauli zetu na awalinde wasafiri wetu wa baharini. Wallahu aalam.