Abebe Bikila na mikono iliyorudi

Kama hapo Nkome unauguza kijana aliyeumia mgongo mgodini au kwenye bodaboda, sikia habari za Abebe Bikila. Mwethiopia huyu alishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili: Roma 1960, tena akikimbia peku, na Tokyo 1964. Mexico 1968 alikimbia na mguu wenye maumivu, akaishia njiani.

Machi 1969 gari lake lilipinduka, uti wa mgongo ukaumia, akapooza mikono na miguu. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akafanyishwa mazoezi tiba kwa miezi minane. Miguu haikurudi. Mikono ilirudi, na mwaka 1970 alishindana kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki 1973 akiwa na miaka 41.

Mazoezi hayaungi uti uliokatika. Huimarisha misuli ambayo bado inapata taarifa kutoka kwenye ubongo, na huzuia viungo kukakamaa. Kwa hiyo usimfungie mwanao ndani ukisubiri miguu kwanza (wengi hufanya hivyo, nao mikono inakakamaa). Kabla hajaruhusiwa hospitalini, omba mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe namna ya kumnyoosha viungo kila siku na kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, usiku pia, asipate vidonda.