TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Tabibu aliyewapima matabibu



Leo nakusimulia habari za Sinan bin Thabit wa Baghdad, mtoto wa mwanahesabu mashuhuri Thabit bin Qurra. Asili yao Harran, katika Wasabai. Sinan alisilimu baadaye, lakini hata kabla ya hapo Khalifa al-Muqtadir alimkabidhi afya yake, kwa sababu ya elimu yake. Yeye ndiye aliyesimamia hospitali za mji, na waziri Ali bin Isa akamtaka apeleke matabibu magerezani na vijijini.

Mwaka 319 Hijria (931 Miladia) mgonjwa mmoja alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na Sinan. Waliopimwa walizidi 860! Waliokwisha kujulikana kwa umahiri hawakusumbuliwa. Wengine kila mmoja aliandikiwa kibali cha yale anayoyaweza, basi.

Akaja mzee mmoja, nadhifu, mwenye haiba. Sinan akampa heshima yake, kisha akamuuliza kasoma kwa nani. Mzee akatoa dinari, akakiri kwamba hata kusoma na kuandika hajui vizuri, ila ana familia, na riziki yake ndiyo hiyo. Akaomba asikatiwe. Sinan akacheka, akamwacha kwa sharti: asimguse mgonjwa kwa asilolijua, asitoe damu wala kutoa dawa ya kuharisha ila kwa maradhi madogo. Mzee akasema yeye hajawahi kuvuka sharubati zake. Kesho yake akaja kijana aliyesomea kwa mzee huyohuyo, baba yake. Naye akapewa mpaka uleule.

Hebu tafakari, ndugu yangu. Dinari zile hazikumfungulia mzee mlango wa tiba za hatari. Na ujinga wake haukumfanya avunjiwe heshima mbele za watu. Mgonjwa kalindwa, na familia ya mzee haikulala njaa. Huo ndio uadilifu: kila mtu apewe kadiri ya anachokijua.

Sasa turudi kwetu. Una kisukari, una mimba, unataka kujua kama ufunge? Muulize daktari mwenye sifa, mwaminifu, sio muuza dawa wa njiani. Hata sisi maimamu tuna mpaka: hukumu ya ruhusa tutakueleza, lakini hali ya mwili wako aseme anayeijua. Na ukisikia daktari fulani kaua mtu, usiisambaze kabla haijathibitika. Kama una malalamiko ya kweli, yapeleke kwa wanaopima madaktari. Kunyamazia uzembe ni dhulma kwa mgonjwa ajaye, na kumzushia mtu ni dhulma kwake.

Sinan alifariki mwaka 331 Hijria. Allah atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie tuijue mipaka yetu. Aamiin.

Tukutane kesho, inshaallah. Usisahau daku.