Askofu Helder Câmara: aliyeuliza kwa nini maskini hawana chakula

Kutoa sadaka ni jambo ambalo hakuna dini isiyolisifu. Mtoaji huombewa dua, huheshimiwa, na jina lake hutajwa kwa wema barazani. Lakini mtu akisogea hatua moja mbele, akauliza huyu fukara amefikaje kuwa fukara, na ni nani afaidikaye na ufukara wake, mara ile heshima hugeuka chuki. Hayo ndiyo yaliyomfika Helder Câmara, askofu mkuu wa Kikatoliki wa Olinda na Recife katika nchi ya Brazil, aliyefariki dunia mwaka wa 1999 akiwa na umri wa miaka 90.

Helder alizaliwa tarehe 7 Februari 1909 katika mji wa Fortaleza, kaskazini-mashariki ya Brazil. Babake alikuwa karani wa hesabu na mamake mwalimu wa shule ya msingi. Walizaliwa watoto kumi na watatu katika nyumba hiyo, naye alikuwa wa kumi na moja.

Ili kumfahamu mtu huyu, yafaa kwanza kuifahamu nchi aliyozaliwa. Wareno walipoitawala pwani hiyo katika karne ya 16 walipanda miwa, na ili kuilima wakaleta watumwa kutoka Afrika. Utumwa ulidumu hata mwaka wa 1888, na Brazil ikawa nchi ya mwisho katika mabara ya Amerika kuukomesha. Lakini mtumwa aliachiliwa mikono mitupu, bila ya kupewa hata kipande cha ardhi. Mashamba makuu yalibaki kwa wenyewe wale wale, na mtoto wa mtumwa hakuwa na budi kurudi kukata miwa kwa ujira usiomtosha. Ukame ulipozidi huko bara, mafukara walishuka mijini kwa maelfu. Katika mji wa Recife walijenga vibanda vyao kandokando ya mito na mikoko, wakawa wakiokota kaa matopeni ili wapate kitoweo.

Kijana Helder hakuyatazama mambo hayo kwa jicho la uasi. Alipata upadri mwaka wa 1931, akiwa na miaka 22 tu, na baada ya muda mfupi akajiunga na chama cha watu waliovaa mashati ya kijani, walioiga siasa za Mafashisti wa Italia. Wakati huo aliamini kwamba vita vikubwa vya dunia ni baina ya dini na ukomunisti, na kwamba hakuna vita vingine. Baadaye alikiacha chama hicho, na hakuona haya kusema kuwa alikuwa amepotoka.

Mwaka wa 1936 alihamia Rio de Janeiro, ambao ndio uliokuwa mji mkuu siku hizo. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwepesi wa maneno, na hodari wa kupanga mambo. Mnamo 1952 alifanywa askofu msaidizi, na mwaka huo huo akawa ndiye mwanzilishi mkuu wa baraza la maaskofu wote wa Brazil. Mwaka wa 1955 uliandaliwa mjini Rio mkutano mkubwa wa Wakatoliki wa dunia nzima, naye ndiye aliyeupanga. Mkutano ulipokwisha, Kardinali Gerlier, mgeni kutoka Ufaransa, alimpa nasaha iliyomwingia moyoni: kwamba kipawa chake hicho cha kupanga mambo angekitumia kwa ajili ya wakazi wa vibanda vilivyouzunguka mji ule mzuri.

Helder hakuchelewa. Alianzisha mpango wa kuwajengea watu wa vibandani nyumba za ghorofa katika mtaa wa Leblon, palipokaa matajiri, na mwaka wa 1959 akaunda hazina ya kuwasaidia wahitaji. Watu wote walimsifu, na matajiri walimchangia kwa mikono miwili. Hata hivyo vibanda havikupungua. Familia moja ikipata nyumba, nyingine zilikuwa njiani zikitoka kaskazini-mashariki, zikikimbia njaa na makabaila. Ikawa ni kama mtu achotaye maji katika mashua iliyotoboka bila ya kuziba tundu.

Mwezi wa Aprili 1964 alifika Recife kushika uaskofu mkuu. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu majeshi yaipindue serikali ya Rais João Goulart, iliyokuwa imeahidi kugawa ardhi upya. Wakuu wa jeshi, pamoja na wenye mashamba na viwanda vya sukari, walitaraji kwamba askofu mpya angewabariki. Yeye akatangaza kuwa ni askofu wa watu wote, lakini wanyonge ndio watakaotangulia. Mnamo 1968 aliihama kasri ya maaskofu akaenda kukaa katika vyumba vidogo nyuma ya kanisa moja kuukuu. Mlango ulipobishwa hodi, alikwenda kuufungua mwenyewe.

Katika mwaka huo wa 1968 maaskofu wa Amerika ya Kusini na ya Kati walikutana mjini Medellín, Colombia, na Dom Helder alikuwa miongoni mwao. (Dom ni neno la heshima la Kireno, kama sisi tusemavyo Sheikh au Maalim.) Hapo ndipo fikira iliyokuja kuitwa theolojia ya ukombozi ilipopata nguvu, na mwaka wa 1971 padri wa Peru, Gustavo Gutiérrez, akaiandikia kitabu. Msingi wake si mgumu kwa Mwislamu kuufahamu. Wanazuoni hao walikishika sana kisa cha Nabii Musa na Firauni, wakasema kwamba Mungu hakuwaambia Bani Israili wavumilie utumwa wakingojea pepo, bali aliwatoa katika nchi ya dhuluma. Basi anayemwabudu Mungu hawezi kunyamaza akiona wenziwe wamo chini ya Firauni wa zama zake.

Dom Helder aliitumia fikira hiyo katika mambo ya uchumi. Alifundisha kuwa ukoloni haukwisha bali umehamia ndani ya nchi, kwani kusini ya Brazil penye viwanda kulistawi kwa jasho la watu wa kaskazini-mashariki. Na hivyo hivyo, alisema, ndivyo mataifa tajiri yanavyostawi duniani: hununua mali ghafi za nchi maskini kwa bei ya kutupa, kisha huziuzia bidhaa kwa bei ya juu. Kwa maoni yake, misaada waliyotoa matajiri ilikuwa kidogo kuliko kile walichokwisha kukichukua kwa njia ya biashara. Hakuupenda ukomunisti wa Kirusi, ambao aliuona unamnyima mtu uhuru wake. Alitaka ujamaa unaomheshimu mtu pamoja na dini yake.

Mwenyewe alieleza ajabu moja kwa masikitiko. Alipowapa maskini chakula, watu walimwita walii. Alipouliza kwa nini hawana chakula, watu wale wale walimwita mkomunisti. Msomaji aliyelelewa akijua kuwa zaka si hisani ya tajiri bali ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali hiyo, ataona mara moja kiini cha swali lake. Ikiwa ni haki, basi yapasa kuulizwa ni nani aliyeizuia.

Swali hilo lilikuwa na gharama yake. Nyumba yake ilipigwa risasi. Barua na simu za vitisho zilimjia mfululizo. Lakini pigo kubwa lilikuwa mwezi wa Mei 1969, wakati padri wake kijana, Antônio Henrique Pereira Neto, mwenye miaka 28, aliyekuwa akifanya kazi na wanafunzi, alipotekwa nyara, akateswa na kuuawa. Askofu mwenyewe hawakumgusa, kwani jina lake lilijulikana duniani na kifo chake kingezua makelele. Wakamuua mtoto wake wa kiroho ili yeye abaki hai na uchungu huo. Umati mkubwa wa watu ulifuata jeneza huku askari wakiutazama.

Wako waliotaraji kwamba baada ya msiba huo angewaambia vijana washike bunduki. Camilo Torres, padri wa Colombia, alikuwa amefanya hivyo na kuuawa vitani mwaka wa 1966. Dom Helder alimheshimu, lakini hakuifuata njia yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1970 alieleza kuwa mabavu ni ya namna tatu. Ya kwanza ni dhuluma yenyewe, inayomwacha mtu na njaa. Hiyo huzaa ya pili, ambayo ni uasi wa waliodhulumiwa. Na uasi huzaa ya tatu, yaani ukatili wa serikali, ambao nao huongeza dhuluma. Ili gurudumu hilo lisimame, alisema, ni lazima kuiondoa ile ya kwanza.

Mnamo Mei 1970, akiwa Paris mbele ya maelfu ya watu, alitangaza waziwazi kwamba wafungwa wanateswa katika jela za Brazil. Aliporudi nyumbani serikali haikumfunga, bali ililifunga jina lake: kwa miaka kadhaa magazeti na redio za Brazil zilikatazwa kumtaja. Alipopendekezwa kupewa Nishani ya Nobel ya Amani, serikali yake ilipiga mbio kuhakikisha haipati. Watu wa Norway na nchi nyingine za Ulaya wakachanga wenyewe, wakampa tuzo yao ya amani mjini Oslo mwaka wa 1974.

Alistaafu mwaka wa 1985, mwaka ambao majeshi yaliiacha serikali. Hakupumzika kwa raha, kwani askofu aliyemrithi hakukubaliana na mwendo wake, na mwaka wa 1989 chuo cha mapadri kilichofundisha fikira zake kilifungwa. Mzee hakuzusha ugomvi. Alibaki katika vyumba vile vile nyuma ya kanisa mpaka mauti yalipomfika tarehe 27 Agosti 1999.

Jina lililokatazwa kutajwa lilirudi baada ya kifo chake. Mwaka wa 2012 jimbo la Pernambuco liliunda tume ya kuchunguza maovu ya enzi ya wanajeshi, ikaitwa kwa jina la Dom Helder, na miongoni mwa kesi ilizozifungua upya ni ile ya padri Henrique. Mwaka wa 2015 Kanisa lake lilianza taratibu za kumtangaza kuwa mtakatifu.

Hata hivyo mashamba makuu ya miwa yangalipo Pernambuco, na vibanda vingalipo kando ya mito ya Recife. Mwenye kumsifu marehemu kwa sadaka alizotoa amesifu nusu ya maisha yake, tena ile nusu isiyomkera mtu. Nusu ya pili ni swali lake, nalo bado linangoja jibu.