Sheikh Al-Amin Mazrui, kadhi aliyewauliza watu wa Mombasa gharama ya shangwe

MWENYE arusi katika Mji wa Kale wa Mombasa, zamani kama leo, hakosi kujiuliza maswali mawili: atakodi wapigaji gani, na atalisha watu wangapi. Aliyeng'ang'ania swali la tatu, yaani fedha hizo zitatoka wapi, alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni na mwandishi aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwezi wa Januari 1891, katika ukoo wa Mazrui ulioitawala Mombasa hadi ulipoangushwa na Sayyid Said mwaka 1837. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki dunia mwaka 1894. Yatima huyo wa miaka mitatu alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka bahari hadi Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Aliyasoma pia maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida.

Mji aliokulia ulikuwa ukibadilika upesi. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896, bandari ya Kilindini ikakua, na thamani ya ardhi ikapanda. Wenyeji wengi wakauza au wakapoteza viwanja na mashamba ya wazee wao.

Wakati huo huo shangwe nazo zilizidi. Tangu mwisho wa karne ya 19, pwani iliingiwa na ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na muziki wa majeshi ya Kizungu. Mombasa ikagawanyika baina ya Kingi na Scotchi. Jina hilo la pili lilitokana na Uskoti, nchi ambayo hadi leo wapiga zumari za mifuko hukodiwa kwa maziko, arusi na sherehe nyinginezo. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama. Kila upande ulitaka kuwashinda wenzao kwa mavazi, kwa ngoma na kwa karamu. Mwiga ndovu, wahenga wameshasema, hupasuka msamba.

Sheikh Al-Amin hakutosheka na kulalamika barazani. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili iliyozungumzia mambo ya dini na ya mji. Mwaka 1932 ikafuatwa na gazeti la Al-Islah, maana yake marekebisho, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alikemea israfu ya arusi na ya matanga, uigaji wa Wazungu bila kupambanua jema na baya, na uvivu wa kutafuta elimu. Alitaka watoto wasomeshwe, wa kike na wa kiume, na mali iliyobaki ihifadhiwe.

Hoja yake ilikuwa na msingi katika sheria aliyoisomea. Karamu ya ndoa ni sunna, lakini kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Ama msiba, mafundisho ni kwamba majirani ndio wapelekee wafiwa chakula. Desturi ya mji ililigeuza jambo hilo, mjane na mayatima wakajikuta ndio wenye kulisha umati.

Maneno hayo hayakuwa matamu kwa wote. Ngoma zile ziliwapa watu wengi heshima ambayo ukoo na mali haviwapi, hasa wanawake, ambao vyama vyao vilikuwa mahali pa kuongoza na kusaidiana. Kwa familia, arusi ya kimya ilikuwa sawa na kukiri ufukara mbele ya mtaa mzima. Sheikh alikuwa akigusa hadhi za watu, na hadhi ni ngumu kuachwa kuliko fedha.

Hata hivyo cheo chake kiliendelea kupanda. Aliteuliwa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Makala zake kadhaa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya utawala wa ukoo wake.

Alifariki dunia tarehe 1 Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Aliacha wanafunzi, miongoni mwao Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu, na watoto, akiwemo Profesa Ali Mazrui, aliyepata sifa ulimwenguni kwa elimu ya siasa.

Magazeti yake yalikoma zamani, na beni ya Kingi na Scotchi haisikiki tena katika vichochoro vya Mji wa Kale. Lakini wapigaji bado hukodiwa, masufuria ya pilau bado hupangwa, na bado ziko nyumba ambazo baada ya wageni kuondoka hubaki na deni. Katika nyumba hizo, swali la Sheikh Al-Amin halijapata jibu.