Dokuchaev na Udongo Mweusi

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mtu aonaye jahazi baharini huona tanga na mlingoti, walakini hakuziona siku zile ambapo fundi alichonga mbao kwa tezo. Na udongo ni vivyo hivyo. Twaukanyaga kila siku, twaulima, twajenga nyumba kwa udongo, wala hatufikiri ya kuwa nao umeundwa. Katikati ya karne ya 19 hata wengi wa wenye elimu walidhani ya kuwa udongo ni mawe yaliyosagika tu, basi. Mtu aliyewafumbua macho alikuwa Mrusi, jina lake Vasily Dokuchaev. Habari za maisha yake ndizo hizi.

Vasily alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Milyukovo, jimbo la Smolensk, upande wa magharibi wa nchi ya Urusi. Baba yake alikuwa kasisi wa kijiji. Nchi ile ni ya baridi sana. Theluji hufunika mashamba kwa miezi mingi, na udongo wake ni wa rangi ya majivu, wala hauna rutuba nyingi. Kwa hiyo udongo wa kwanza alioujua mtoto yule ulikuwa udongo maskini.

Siku zile mwana wa kasisi alitazamiwa kuwa kasisi kama baba yake. Vasily akatiwa katika shule ya kanisa katika mji wa Vyazma, kisha akaingia seminari ya Smolensk, akamaliza masomo yake mwaka 1867. Ndipo alipokwenda Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi wakati ule, ili aendelee katika chuo kikubwa cha dini. Lakini alipokuwa amekaa humo muda mfupi tu, aliona moyo wake wavutwa na elimu ya kazi za Muumba zilizo chini ya mbingu, yaani miamba, mito na mimea. Akaliacha lile alilotazamiwa, akaingia Chuo Kikuu cha mji ule ule. Mwaka 1872 alipewa kazi ya kutunza mawe na madini yaliyokusanywa chuoni. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyachunguza ni mchanga na tope la mto mdogo wa kwao, uitwao Kachnya. Hakudharau kuanza kwa kitu kidogo kilicho karibu.

Sasa yafaa tujue habari za nchi ya kusini. Huko Urusi, mbali na misitu ya baridi, pana uwanda mpana wa majani, na udongo wake ni mweusi kama mkaa uliolowa maji. Warusi huuita chenozemu, maana yake ardhi nyeusi. Ngano iliyolimwa katika nchi hiyo ililisha watu wengi wa Urusi, na nyingine ilipakiwa merikebuni ikauzwa ng'ambo. Watu walidhani rutuba yake haina mwisho. Lakini mwaka 1873, na tena mwaka 1875, mvua ilikosekana. Ngano ikanyauka, na njaa ikaingia katika nchi iliyoitwa ghala ya chakula. Hapo watu wakafahamu ya kuwa hawaujui vema udongo uliowalisha. Walikuwako watu wa Chama Huru cha Uchumi, chama cha tangu zamani kilichotaka kuendeleza ukulima. Hao wakakata shauri udongo mweusi uchunguzwe, na kazi hiyo akakabidhiwa Dokuchaev.

Kabla yake wenye elimu walibishana sana juu ya asili ya udongo ule. Wengine walisema ni tope la bahari ya zamani iliyokauka. Wengine walisema ni mabaki ya vinamasi. Mwingine, bingwa wa mimea aitwaye Ruprecht, alikuwa ameonyesha ya kuwa weusi wake watoka katika majani ya nchi kavu, lakini hakuona ya kuwa tabia ya nchi ina neno katika jambo hili. Wengi walibishana wakiwa wameketi vyumbani. Dokuchaev aliona ya kuwa mabishano hayo hayawezi kukatwa isipokuwa kwa kwenda kuuona udongo wenyewe mahali ulipo.

Mwaka 1877 na mwaka 1878 aliizunguka nchi ya udongo mweusi, akasafiri zaidi ya maili 6,000. Kila mahali alifanya kazi ile ile kwa taratibu ile ile. Alichimba shimo lenye ukuta ulionyoka wima, akaukwangua ukuta huo mpaka ukawa safi, kisha akautazama kutoka juu hata chini. Juu kabisa aliona tabaka nyeusi, yenye chembechembe kama nafaka, iliyojaa mizizi. Chini yake aliona tabaka ambayo weusi wake wafifia kidogo kidogo. Chini kabisa aliona ardhi ya rangi ya manjano ambayo haijabadilika, nayo ndiyo mama wa udongo. Tabaka hizo tatu akaziita kwa herufi A, B na C. Alipima unene wa kila tabaka, akaandika rangi yake, akatia udongo kidogo mfukoni ili ukapimwe. Mara nyingi aliona katika ukuta wa shimo mianya ya wanyama wachimbao kama fuko, iliyojaa udongo wa tabaka nyingine. Wanyama hao hawakai chini ya bahari, wala hawakai katika kinamasi. Ukuta ule ulikuwa shahidi asiyesema uongo.

Udongo uliochukuliwa ulipimwa ili ijulikane mboji iliyomo ni kiasi gani, maana mboji, yaani mabaki ya majani na mizizi iliyooza, ndiyo inayoutia weusi na rutuba. Mahali pengine, katika ratili 100 za udongo, zilionekana ratili 4 hata 7 za mboji. Mahali pengine 7 hata 10, au 10 hata 13. Na mahali palipo bora kabisa zilipatikana 13 hata 16. Dokuchaev akazitia hesabu hizo katika ramani, akaunganisha kwa mstari mahali penye mboji sawasawa. Ndipo lilipoonekana jambo la ajabu. Mistari ile haikutapanyika ovyo, bali ilifanya kanda ndefu, ukanda kando ya ukanda, toka upande wa kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki.

Akatafuta sababu. Akazilinganisha kanda zile na habari za joto na mvua, akafahamu. Upande wa kaskazini baridi na maji ni mengi mno: misitu huota mahali pa majani, na maji ya mvua na theluji huosha udongo. Upande wa kusini-mashariki jua ni kali na mvua ni chache, hata majani huota haba. Lakini katikati mvua yatosha kuotesha majani mengi. Kila mwaka mizizi yao hufa ardhini, wala haiozi yote upesi, kwa kuwa ukavu wa kiangazi na baridi ya kipupwe huzuia. Hivyo mboji huongezeka mwaka kwa mwaka, karne kwa karne.

Basi Dokuchaev akafundisha ya kuwa udongo si mawe yaliyosagika tu, bali ni kitu chenye asili yake, kama vile mmea na mnyama walivyo na asili yao. Na mambo yanayouunda udongo ni matano: la kwanza, mwamba au ardhi iliyo mama yake, la pili, tabia ya nchi, yaani joto, baridi na mvua, la tatu, mimea na wanyama, la nne, umbo la nchi, kama ni mlima, mteremko au bonde, na la tano, umri wa nchi yenyewe. Ukibadilika mmoja wa waundaji hao, udongo nao hubadilika. Mambo haya aliyaandika katika kitabu chake juu ya udongo mweusi wa Urusi, kilichotoka mwaka 1883. Kwa kitabu hicho alipata shahada ya udaktari, na elimu mpya ikazaliwa.

Elimu hiyo haikukaa chuoni tu. Watawala wa jimbo la Nizhny Novgorod walitaka kutoza kodi ya mashamba kwa haki, ili mwenye udongo hafifu asilipe sawa na mwenye udongo bora. Wakamwita Dokuchaev. Tangu mwaka 1882 hata 1886 yeye na vijana aliowafundisha walipita wilaya zote za jimbo lile, wakachimba, wakapima, wakachora ramani. Waliugawa udongo kwa mafungu: kwanza, udongo unaokaa pale pale ulipozaliwa, pili, udongo uliooshwa kwa sehemu, tatu, udongo uliochukuliwa na maji au upepo ukatupwa mahali pengine. Tena kila namna ya udongo ilipewa hesabu ya ubora wake. Kazi hiyo ilijaza vitabu 14. Baadaye walifanya kazi kama hiyo katika jimbo la Poltava, ambalo leo limo katika nchi ya Ukraini. Katika maonyesho makubwa ya mwaka 1889 mjini Paris, udongo alioukusanya ulionyeshwa mbele ya mataifa, ukapewa medali ya dhahabu.

Mwaka 1891 ukame mkubwa ulirudi, na njaa ya mwaka ule na wa pili yake iliua watu wengi sana. Dokuchaev aliandika kitabu kueleza jinsi uwanda wa majani ulivyoharibiwa: majani ya asili yamelimwa, miti imekatwa, maji ya theluji hukimbia mabondeni na kuchimba makorongo, wala hayaingii ardhini. Fedha za kitabu hicho zilitolewa kuwasaidia wenye njaa. Walakini hakuridhika na kuandika. Mwaka 1892 alianza kazi katika uwanda uitwao Kamennaya, jimbo la Voronezh. Yeye na wenzake walipanda safu za miti kuzuia upepo, wakachimba mabwawa kuweka maji. Mwenye kupanda mti hajui kama atakaa katika kivuli chake. Safu za miti zilizopandwa huko zimesimama hata leo.

Katika miaka hiyo alipewa pia kuongoza chuo cha ukulima na misitu huko Puławy, mji ulio leo katika nchi ya Polandi, na hapo likawekwa fundisho maalumu la elimu ya udongo chini ya mwanafunzi wake Sibirtsev. Lakini kazi nyingi na mashaka vilimvunja nguvu. Akashikwa na ugonjwa mzito, na mwaka 1897 mkewe Anna akafa. Alipopata nafuu akaondoka tena, akaenda milima ya Kaukasi, akaona ya kuwa mtu apandaye mlima mrefu hupita udongo wa namna mbalimbali, kama vile asafiriye kutoka nchi ya joto kwenda nchi ya baridi. Kisha ugonjwa ukarudi. Akafariki dunia mjini Petersburg mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 57, akazikwa karibu na mkewe. Mwaka uliofuata ilifunguliwa katika mji ule nyumba ya makumbusho ya udongo, nayo yaitwa kwa jina lake.

Labda msomaji atauliza, mambo haya ya nchi ya theluji yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Katika miaka ya 1930 alikuwako Mwingereza jina lake Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara. Mwaka 1935 alieleza ya kuwa katika nchi zetu udongo wa kilele, wa mteremko na wa bonde hufuatana kama pete za mnyororo mmoja, na mwaka 1936 akatoa ramani ya udongo wa Afrika ya Mashariki. Nasi tunao udongo mweusi mbugani. Lakini tusidanganywe na rangi. Ule wa mbuga ni mfinyanzi mzito. Ukinyeshewa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa pana, wala weusi wake si alama ya mboji nyingi. Aulimaye kama chenozemu kwa sababu ni mweusi amehukumu kwa kutazama ngozi tu.

Basi siku mkipita penye shimo lililochimbwa, au ukingo wa barabara uliokatwa, simameni kidogo. Tazameni tabaka zake, kisha ulizeni maswali matano ya Dokuchaev: mama yake ni mwamba gani, mvua na jua ni kiasi gani, ni mimea na wanyama gani waliokaa hapo, mahali penyewe ni mlima au bonde, na nchi ina umri gani. Mwenye kuuliza hivyo kabla ya kutia jembe ataujua udongo unaomlisha, naye ataulinda.