Kadhi wa Visiwa vya Kauri

Tuzungumzapo habari za Ibn Battuta hapa pwani, mazungumzo hayendi mbali. Twasema kwamba alifika Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akawasifu wenyeji kwa dini yao na wema wao, kisha akashika njia kwenda Kilwa kwa Sultani Hassan bin Suleiman, yule aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Tukishajisifu kwa sifa hizo, tunamwacha bwana yule aende zake. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi, hata siku moja nikakaa na kitabu cha safari zake nikakisoma tangu mwanzo. Nilipofika mlango wa visiwa vya Maldivi nilikiweka chini kwanza, kwani nilikuta mambo ambayo sikuyatarajia, mengine ya kuchekesha na mengine ya kutia huzuni. Leo nataka kumsimulia msomaji maisha ya mtu huyu, lakini nitakaa sana kule visiwani.

Alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa watu wa sheria. Mwezi wa Juni mwaka 1325 aliwaaga wazazi wake wote wawili, naye ni kijana wa miaka 21, akatoka peke yake bila ya mwenzi wala msafara, nia yake ni kwenda kuhiji. Mtu angedhani atarudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Hakurudi ila baada ya miaka 24. Alihiji, akahiji tena, akapita Yemen, Mogadishu na kwetu huku, akapanda mpaka nchi za Waturuki, na mwisho akateremkia Bara Hindi. Huko Delhi Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa ukadhi na mshahara mnono. Sultani yule mkono wake ulikuwa mpana wa kutoa na mwepesi wa kuua, na watu waliokaa karibu naye walilala usiku mmoja mmoja.

Basi Sultani akamfanya mjumbe wake kwa mfalme wa China, akampa zawadi za kupeleka. Walipofika bandari ya Calicut, mwaka 1342, Ibn Battuta alibaki pwani kwa ajili ya sala ya Ijumaa ilhali vyombo vimekwisha pakiwa. Usiku ikavuma tufani. Merikebu kubwa iliyobeba zawadi za kifalme ikavunjika, na chombo cha pili chenye mali yake na watu wake kikatweka tanga kikaenda zake. Asubuhi bwana mkubwa aliyekuwa balozi amebaki na dinari 10 na zulia lake la kulalia. Kurudi Delhi hakuthubutu, kwani nani angemweleza Sultani yule kwamba mali yake imezama? Akatangatanga pwani ya Malabar, hata mwisho akapanda chombo cha kwenda Maldivi, safari ya siku kumi, ati akajionee visiwa alivyovisikia.

Ewe msomaji wa Lamu, Mombasa au Vanga, visiwa vile usingevishangaa sana. Ni visiwa zaidi ya elfu moja, vidogo vidogo, vimepangika kama pete baharini, na juu yake minazi. Watu wake walikula samaki wa jamii ya jodari waliyemchemsha na kumkausha kwa moshi, wakampeleka mpaka China na Yemen. Walipika asali ya mnazi. Walisokota kamba za makumbi na kwa kamba hizo wakashona majahazi yao bila ya msumari, kama wazee wetu walivyoshona mitepe. Na fedha yao ilikuwa kauri. Waliziokota baharini, wakazifukia mashimoni mpaka nyama ikaoza, ikabaki ile nyeupe. Dinari moja ya dhahabu ilipata kauri 400,000, na zikiwa nyingi hata 1,200,000. Miaka baadaye, alipokuwa nchi ya Mali upande wa Afrika ya Magharibi, aliona kauri zile zile zikiuzwa 1,150 kwa dinari. Mwenye akili ya biashara atakuwa ameshapiga hesabu.

Jambo moja lilinifanya nitabasamu. Katika habari za Mombasa ametaja kwamba watu wanakwenda miguu mitupu, na kwenye mlango wa msikiti wanaosha miguu kisha wanaifuta juu ya mkeka mzito. Katika habari za Maldivi anataja mtungi wa maji mlangoni na mkeka wa kufutia miguu. Ni bahari moja kweli.

Wenyeji walikuwa Waislamu tangu mwaka 1153. Kisa walichomsimulia ni kwamba kila mwezi lilikuwa likiwatokea pepo kutoka baharini, wakalipelekea msichana usiku, na asubuhi wakamkuta amekufa. Hata akaja mtu mmoja wa Maghrib, Abul-Barakat, hafidh wa Kurani, akakubali kukaa mahali pa msichana, akasoma usiku kucha, na pepo likatoweka. Sultani wao akasilimu kwa mkono wake. Kwa ajili hiyo Wamaghribi walipendwa sana kule, na Ibn Battuta alikuwa Mmaghribi.

Aliyekuwa kwenye kiti ni mwanamke, Sultana Khadija, binti wa Sultani Jalaluddin Omar. Jina lake likitajwa katika hotuba kila Ijumaa, na amri zake zikiandikwa juu ya majani ya mnazi kwa kichuma kilichopinda, kwani karatasi iliwekwa kwa Kurani na vitabu vya elimu tu. Ibn Battuta ameliweka jambo hilo katika maajabu ya visiwa vile. Sisi ambao Pate yetu ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18 hatuna la kustaajabia. Lakini mambo ya serikali yalikuwa mikononi mwa mumewe, Waziri Jamaluddin.

Mwanzoni mgeni alijificha. Hakutaka ijulikane kwamba amekuwa kadhi Delhi, kwani alichelea kuzuiwa, na visiwa vile havikuwa na mtu wa elimu ya kiasi chake. Lakini habari hazifichiki bandarini. Mara zikaanza zawadi: nyumba, nguo, vijakazi, kauri 100,000. Alipotaka kuondoka hakuruhusiwa. Akaozeshwa mama wa kambo wa Sultana, mke mwema ambaye amemsifu mno: hata alipokuwa akienda kwa wake wenzake, yeye alimfukiza nguo zake huku akicheka, bila ya kuonyesha uchungu. Baada yake akaoa wengine hata wakatimia wanne, wote wa nyumba kubwa kubwa za mawaziri na masultani. Waziri naye akamtwika ukadhi. Na ukadhi wa kule ulikuwa na nguvu. Hukumu ya kadhi ilishinda hata neno la sultani, na alipewa mapato ya visiwa vitatu.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hapa ndipo mimi nisipojua nimhukumu vipi. Alikuta mwanamke aliyeachwa anaendelea kukaa katika nyumba ya aliyemwacha mpaka aolewe na mwingine. Hilo akalipiga marufuku, na wanaume kama 25 walioonekana na kosa wakapigwa na kuzungushwa sokoni. Alituma watu njiani na masokoni baada ya sala ya Ijumaa, aliyeonekana hakusali akachapwa. Alihukumu mwizi akatwe mkono, na watu kadhaa waliokuwa barazani pake wakazimia kwa kuona damu. Katika yote hayo alisimama na sheria, sikatai. Lakini watu wale walikuwa wapole, wenye kuogopa hata ugomvi wa maneno, nao walikuwa wameshika dini kwa karibu miaka 200 kabla yeye hajatia mguu. Alitaka wawe kama Fez na Delhi kwa mwezi mmoja.

Jambo moja lilimshinda kabisa. Wanawake wa kule walivaa nguo kuanzia kiunoni kwenda chini tu, na kifua wazi. Aliamrisha wajifunike, wakamsikiliza, wakaendelea na yao. Alichofanikiwa ni kwamba hapana mwanamke aliyeingia katika mahakama yake na kesi ila amejisitiri. Akitoka nje, anarudi katika hali yake.

Kilichomtoa ni kesi ya mtumwa wa nyumba ya kifalme aliyekutwa na suria. Waziri alituma watu kumwombea yule mtumwa. Kadhi akakasirika kwamba anaingiliwa kazi yake, akaamuru mtumwa apigwe kwa fimbo za mwanzi na azungushwe mji na kamba shingoni. Waziri akamwita mbele ya watu wakubwa. Desturi ilikuwa kuinama mbele ya Waziri. Ibn Battuta hakuinama, akatoa salamu ya Kiislamu tu, akawashuhudisha waliohudhuria kwamba amejiuzulu. Naam, ushujaa ulikuwamo. Na kiburi kilikuwamo pia, na ni vigumu kukata kamba kati ya hivyo viwili.

Wakamwambia akitaka kwenda alipe mahari za wake zake na madeni ya watu, wakidhani atashindwa. Akalipa. Waliporudi kumbembeleza abaki alikuwa ameshakata shauri, na katika shauri hilo kulikuwa na siri. Alikuwa amekubaliana na wakubwa wawili wa kule kwamba atakwenda nchi ya Ma'bar, pwani ya Bara Hindi, ambako sultani wake alikuwa ameoa dada wa mke wake mmoja wa zamani, na huko ataomba majeshi ya kuja kuviteka visiwa. Yeye mwenyewe ameyaeleza, wala hakuona haya. Wakapanga hata alama: bendera nyeupe zitakapoonekana kwenye majahazi, wenziwe wa nchi kavu wainuke. Watu waliompokea hana kitu, wakamvika, wakamwozesha binti zao! Mimi nimelisoma mara mbili nione kama sikukosea.

Aliondoka mwezi wa Agosti mwaka 1344. Wake zake wengine aliwapa talaka. Mmoja alikuwa mjamzito, naye alimwekea muda wa miezi tisa: asiporudi, yu huru kufanya atakalo. Hapo nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye mumewe wa kwanza alitoka na jahazi wakati wa kusi akasema kaskazi ikivuma atarudi. Bibi hakuwekewa hata muda. Alikaa kaskazi tatu akitazama matanga, na mpaka uzeeni alijua jina la kila jahazi lililotia nanga mwaka ule. Wanawake wa Maldivi, Ibn Battuta anasema, hawakutoka nchini mwao kumfuata mume; mabaharia walioa chombo kilipotia nanga na kuacha kilipong'oa, na kila mtu alijua hivyo tangu mwanzo. Pengine ilikuwa nafuu.

Akipita kisiwa kwa kisiwa kuelekea nje, alikaa siku 70 kisiwa cha Muluk, akaoa wawili. Kabla ya hapo alikuta kisiwa kidogo chenye nyumba moja tu. Mwenyewe ni mfumaji, ana mke na watoto, minazi michache, na kidau cha kuvulia na kuvukia visiwa vingine. Kulikuwa na migomba kidogo, na ndege wa nchi kavu kunguru wawili tu, waliokuja kuzunguka juu ya chombo chao. Ibn Battuta alimwonea wivu mtu yule. Alitamani kisiwa kile kiwe chake akae humo mpaka siku yake ya kufa. Katika kitabu kizima chenye wafalme na makasri na farasi waliovikwa dhahabu, sikukumbuka mahali pengine alipomtamania mtu maskini hali yake. Kisha akapanda chombo akaenda.

Alifika Sarandib, yaani Sri Lanka, akapanda mlima wenye alama ya mguu wa Nabii Adam, alayhi salaam. Alifika Ma'bar, na sultani wa huko akalikubali shauri la vita, lakini mabaharia wakasema majira ya upepo hayaruhusu vyombo kwenda Maldivi kabla ya miezi mitatu. Kabla haujafika wakati, tauni ikaingia Madurai na sultani akafariki. Vita vya visiwa vikafa pamoja naye, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo.

Alirudi Maldivi mara moja tu, kwa sababu alisikia kwamba yule mke amejifungua mtoto wa kiume. Waziri Jamaluddin alikuwa amekufa, na Waziri Abdallah alikuwa amemwoa Sultana. Mtoto alikuwa na umri wa miaka miwili. Mama yake akaenda kumlilia Waziri asinyang'anywe mwanawe, lakini Waziri hakutaka kumzuia baba. Mtoto akaletwa. Ibn Battuta akamtazama, akaona kwamba kukaa na watu wa mama yake ni bora kwake, akamrudisha. Alikaa siku tano visiwani, kisha akapanda chombo kwenda Bengali, safari ya siku 43.

Yaliyobaki nitayapitisha upesi. Alifika China. Akarudi kwa njia ya Hormuz na Baghdad mpaka Damascus, mwaka 1348. Mji huo alikuwa ameacha mke mjamzito zaidi ya miaka 20 nyuma, akauliza habari za mtoto, akaambiwa kwamba alikufa miaka 12 iliyopita. Hapo hapo akapata habari kwamba baba yake Tangier amefariki miaka 15 nyuma, na mama yu hai. Alipofika Moroko mwaka 1349, mama naye alikuwa amekwisha chukuliwa na tauni. Akazuru kaburi lake. Baadaye akavuka jangwa mpaka Mali, na kwa amri ya sultani wa Fez akamhadithia Ibn Juzayy safari zake zote, kitabu kikamalizika mwaka 1355. Alimaliza umri wake akiwa kadhi katika mji mmoja wa nchi yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na amrehemu mama wa mtoto yule wa Male.